Kupima nanochembe za metali kwa usahihi: mwongozo wa ICP-MS ya chembe moja moja

Mkemia aliyezoea kupima metali kwenye maji huuliza swali moja tu: ipo kiasi gani? Akiletewa sampuli yenye nanochembe, maswali yanakuwa manne. Chembe zina ukubwa gani? Ziko ngapi kwa kila mililita? Zimebeba masi gani ya metali? Na kiasi gani cha metali hiyo kimeshayeyuka kikawa ioni? ICP-MS, mashine inayogeuza sampuli kuwa ioni ndani ya plazma yenye joto kali na kuzihesabu kwa masi yake, ikiendeshwa kwa namna ya kusoma chembe moja moja inajibu yote manne kwa mkupuo mmoja. Ubaya wake ni kwamba inatoa majibu hata pale ulipokosea, tena majibu yenye sura nzuri na grafu ya kupendeza.

Kabla ya kugusa mashine, shika jambo hili, maana ndilo linaloongoza kila hatua hapa chini. Kipenyo cha chembe hupatikana kwa kipeuo cha tatu cha masi yake. Ukikosea masi kwa 10%, kipenyo kitakosewa kwa takriban 3% tu. Idadi haina huruma hiyo: kosa la 10% kwenye sehemu ya sampuli inayofika kwenye plazma linaingia zima zima kwenye idadi. Ndiyo maana maabara mbili zinaweza kukubaliana vizuri juu ya ukubwa na kupishana vibaya juu ya idadi. Na idadi si jambo la pembeni. Pendekezo la Tume ya Ulaya la mwaka 2011, lililofanyiwa marekebisho mwaka 2022, linatambua nanomata (nyenzo za nano) kwa kuhesabu chembe: 50% au zaidi ya chembe, kwa idadi, ziwe na angalau kipimo kimoja kati ya nanomita (nm) 1 na 100. Kwa hiyo nguvu nyingi za mwongozo huu nimezielekeza kwenye idadi.

Mifano yangu ni ya dhahabu na fedha, kwa kuwa ndizo zenye nyenzo rejea nzuri, yaani sampuli za kulinganishia ambazo vipimo vyake vimeshathibitishwa. Kanuni ni zile zile kwa platini, seri, titani na nyinginezo.

Kinachotokea ndani ya mashine

Sampuli iliyozimuliwa sana hupulizwa na nebulaiza ikawa ukungu. Matone makubwa huangukia kwenye chemba ya ukungu na kwenda kwenye taka. Matone madogo huingia kwenye plazma ya agoni. Metali iliyoyeyuka huingia mfululizo, kwa hiyo hutoa ishara tulivu ya chinichini. Chembe huingia moja moja, na kila moja hugeuka wingu dogo la ioni linalodumu takriban nusu ya milisekunde. Kigunduzi huona kilele chembamba. Idadi ya vilele inakupa idadi ya chembe, eneo la kilele linakupa masi ya chembe, na kimo cha ishara ya chini kinakupa ioni.

Haya yote yanasimama juu ya sharti moja: chembe zisifike mbili kwa pamoja. Ni kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Yakiwa machache unaweza kuyahesabu, yakizidi unasikia mvumo tu.

Misingi ya njia hii ilichapishwa na Degueldre na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2017 ISO, shirika la kimataifa la viwango, ilitoa waraka wake wa kiufundi, ISO/TS 19590.

Hatua ya 1: Chagua isotopu, na uijue adui yake

Dhahabu ni rahisi, ina isotopu moja tu, 197. Fedha inazo mbili zilizokaribiana kwa wingi, 107 na 109, tumia 107. Titani ndiyo inayowasumbua watu: isotopu yake nyingi ni 48, lakini kalsiamu nayo ina 48, na sampuli nyingi za maji zimejaa kalsiamu. Hapo hamia 47 au 49 na ukubali ishara ndogo, au tumia mashine yenye seli ya gesi tendaji. Chuma 56 hugongana na agoni iliyoungana na oksijeni, na shaba 63 hugongana na agoni iliyoungana na sodiamu. Kwa njia hii unasoma isotopu moja kwa wakati mmoja kwenye mashine za kawaida za kwadrupoli, kwa hiyo uchaguzi huu ufanye mapema, si baada ya kukusanya data.

Hatua ya 2: Tunza sampuli isibadilike mkononi mwako

Hapa ndipo tabia njema za kemia ya metali zinapogeuka kuwa makosa. Tumefundishwa kutia asidi kwenye kila sampuli ya metali. Usitie asidi kwenye sampuli ya nanochembe. Asidi ya nitriki inayeyusha chembe za fedha. Kwa dhahabu haiyeyushi, lakini inaondoa chaji ya sitrati inayozitenganisha chembe, nazo zinashikana mafungu. Asidi ya haidrokloriki kwenye fedha inaleta kloridi ya fedha, mashapo ambayo nayo yataonekana kama chembe.

Dhahabu ina zawadi kwa mkemia mwenye macho makini. Mmumunyo wake mzuri ni mwekundu, na kwenye spektrofotometa kilele kiko karibu na nm 520. Ukiona rangi inageukia zambarau au buluu, na kilele kinapanuka kuelekea nm 600 na zaidi, chembe zimeshikana. Usiendelee. Hakuna hesabu ya baadaye itakayozitenganisha. Kwa fedha angalia kilele kilicho karibu na nm 400. Dakika mbili za spektrofotometa zinaweza kukuokolea siku nzima ya ICP-MS, na sielewi kwa nini maabara nyingi zinairuka hatua hii.

Hifadhi akiba kwenye ubaridi wa nyuzi 4, gizani, na usigandishe kamwe: mmumunyo wenye sitrati ukiganda chembe zinashikana na hazirudi tena zilivyokuwa. Kabla ya kuchota, tikisa chupa taratibu mpaka mashapo yote yainuke. Usichuje sampuli kwa chujio la mikromita 0.45 kwa mazoea tu. Pima kwanza chembe ngapi zinabaki kwenye chujio.

Maji yawe yaliyosafishwa hadi megaohmu-sentimita 18.2. Vyombo vioshwe kwa asidi, kisha visuuzwe kwa maji hayo hadi asidi iishe kabisa, kwa sababu ile ile niliyoitaja juu.

Hatua ya 3: Zimua kwa mizani, si kwa macho

Tuchukue nyenzo rejea ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, inayoitwa RM 8013. Kibandiko kinasema dhahabu ya nm 60 kwa jina. Dhahabu iliyomo ni karibu mikrogramu 50 kwa kila gramu ya mmumunyo. Soma cheti hadi mwisho: kipenyo kilichopimwa kwa hadubini ya elektroni ni nm 56.0, si 60. Tofauti hii ya nanomita nne inaonekana ndogo, lakini tutaona inavyouma.

Chembe ya duara ya nm 56, kwa densiti ya dhahabu ya gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo, ina masi ya femtogramu 1.77 (femtogramu ni sehemu moja ya milioni ya nanogramu). Gawanya mikrogramu 50 kwa femtogramu 1.77 na unapata takriban chembe bilioni 28 kwa kila mililita. Hiyo ni mvua kubwa mno. Ikiwa nebulaiza yako inavuta mililita 0.3 kwa dakika na 5% ya hiyo ndiyo inayofika kwenye plazma, basi mashine inaona mililita 0.015 tu kila dakika. Ili upate vilele takriban 1,000 kwa dakika unahitaji chembe zipatazo 70,000 kwa mililita, yaani uzimue mara 400,000.

Usijaribu kuruka huko kwa mara moja. Fanya mara 100, kisha mara 100 tena, kisha mara 40. Kila hatua pima kwa mizani: uzito wa chupa tupu, uzito baada ya kuweka sehemu ya sampuli, uzito baada ya kujaza maji. Pipeti peke yake, katika hatua tatu mfululizo, inajumlisha makosa yake bila wewe kuona. Chota angalau mililita 0.1 kila mara, na changanya kila chupa kabla ya kuchota tena.

Mizimuo ya mwisho ni ya kutumiwa papo hapo. Chembe chache ndani ya maji mengi huanza kuganda kwenye kuta za chupa, na fedha huanza kuyeyuka. Andaa mzimuo wa mwisho wakati mashine imeshatulia, si asubuhi kwa matumizi ya alasiri.

Hatua ya 4: Panga muda wa kusoma

Muda wa kusoma ni ule ambao kigunduzi kinakusanya hesabu kabla ya kuandika namba moja. Mashine za zamani zilisoma kwa milisekunde 3 hadi 10. Za sasa zinaweza kusoma kwa mikrosekunde 100 au chini ya hapo. Ukiwa na uwezo huo, tumia mikrosekunde 50 hadi 100. Kila chembe itaonekana kama usomaji kadhaa mfululizo, na programu inaujumlisha kuwa eneo la kilele.

Tofauti inaonekana kwa hesabu ya bahati nasibu. Vilele 1,056 kwa dakika ni karibu 17.6 kwa sekunde. Ukisoma kwa milisekunde 5, wastani ni chembe 0.088 kwa kila usomaji, na takriban 4.3% ya usomaji wenye chembe utakuwa umebeba chembe mbili au zaidi. Kilele kinapotambuliwa chenyewe kwa upana wa nusu milisekunde, sehemu hiyo inashuka hadi karibu 0.4%. Kama mashine yako ni ya milisekunde tu, hujafungiwa mlango. Zimua zaidi na usome kwa muda mrefu zaidi.

Soma kwa sekunde 60 angalau. Ukipata vilele 1,000, kosa la kuhesabu pekee ni karibu 3%, ukipata 100 ni 10%.

Hatua ya 5: Pima mtiririko na ufanisi wa usafirishaji

Hii ndiyo hatua inayobeba idadi yote, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Ufanisi wa usafirishaji ni ile 5% niliyoitaja: sehemu ya sampuli iliyovutwa ambayo kweli inafika kwenye plazma. Hubadilika na nebulaiza, mkondo wa gesi, joto la chemba, hata uchovu wa mrija wa pampu. Usiazime namba ya jana.

Anza na mtiririko. Weka chupa ya maji juu ya mizani, vuta kwa dakika tano, pima uzito uliopungua, rudia mara tatu. Mrija wa pampu hulegea kadiri unavyotumika, kwa hiyo kipimo hiki ni cha kila siku.

Kwa ufanisi wenyewe kuna njia tatu zinazojulikana. Ya kwanza ni kukusanya taka: unapima kilichovutwa, unapima kilichotoka kwenye bomba la taka, na tofauti unaiita kilichofika. Ni njia rahisi na siipendi. Ukungu unaobaki kwenye kuta za chemba unahesabiwa kana kwamba umefika kwenye plazma, na ufanisi unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ya pili ni ya marudio: unapitisha chembe ambazo idadi yake kwa mililita inajulikana, unahesabu vilele, unagawanya. Ni ya moja kwa moja, ila inahitaji nyenzo ambayo idadi yake imepimwa kikweli, kama ile dhahabu ya nm 30 ya LGC ya Uingereza, LGCQC5050. Ukikokotoa idadi kutoka kwenye masi na kipenyo, kosa la kipenyo linaingia mara tatu.

Ya tatu ni ya ukubwa, nayo ndiyo inayotumika zaidi. Unalinganisha ishara ya chembe zenye masi inayojulikana na ishara ya ioni za metali ile ile. Tufanye hesabu yake polepole.

Mmumunyo wa ioni za dhahabu wa nanogramu 1 kwa mililita umetoa hesabu 2 katika kila usomaji wa mikrosekunde 100. Mtiririko ni mililita 0.3 kwa dakika, yaani 0.005 kwa sekunde. Katika mikrosekunde 100 nebulaiza imevuta femtogramu 0.5 za dhahabu. Sasa pitisha chembe za RM 8013: eneo la wastani la kilele, baada ya kuondoa usuli (ile ishara ya chinichini), ni hesabu 142. Chembe moja ni femtogramu 1.77, kwa hiyo kila femtogramu inayofika inatoa hesabu 80. Hesabu 2 za ioni zinamaanisha femtogramu 0.025 zilifika. Zilivutwa 0.5, zikafika 0.025: ufanisi ni 5%.

Sasa rudi kwenye kibandiko. Ungeandika nm 60 badala ya 56, masi ya chembe ingekuwa femtogramu 2.18, kila femtogramu ingeonekana kutoa hesabu 65, na ufanisi ungepanda hadi 6.1%. Kila idadi utakayoitoa siku hiyo ingepungua kwa karibu 19%, bila mashine kuonyesha dalili yoyote. Tumia kipenyo kilichopimwa, daima.

Njia hii ina mtego mwingine upande wa ioni. Dhahabu iliyoyeyuka hupenda kuganda kwenye plastiki na mirija. Ikiganda, ishara ya ioni inashuka, ufanisi unatoka mdogo, na idadi inapanda kwa uongo. Andaa viwango vya ioni za dhahabu kwenye asidi ya haidrokloriki ya 2%, vitumie siku hiyo hiyo, na suuza mirija kwa mmumunyo wenye sisteini au thayourea. Kisha suuza kwa maji safi kabla ya kuruhusu chembe zipite.

Ukiweza, fanya njia ya ukubwa na ya marudio zote mbili. Zikikubaliana ndani ya asilimia chache, endelea kwa amani. Zikipishana, kwanza kagua ioni, kisha kagua kama chembe zimepotea kwenye chupa. Usichukue wastani wa namba mbili zinazogombana.

Hatua ya 6: Kalibresheni ya ioni kwa metali unayoitafuta

Andaa viwango vinne au vitano pamoja na sifuri, kati ya 0 na nanogramu chache kwa mililita, na uvisome kwa muda ule ule wa kusoma utakaoutumia kwa chembe. Kama sampuli ina chumvi nyingi, viwango viwe na chumvi hiyo pia. Mstari usiponyooka, tafuta sababu, usiulazimishe.

Tuseme kwa fedha mteremko umekuwa hesabu 2.5 kwa kila nanogramu kwa mililita. Kwa mtiririko na ufanisi ule ule, nanogramu 1 kwa mililita inapeleka femtogramu 0.025 kwa kila usomaji, kwa hiyo femtogramu moja ya fedha ni hesabu 100. Namba hii iandike juu ya daftari, utaitumia siku nzima.

Hatua ya 7: Mpangilio wa kupitisha

Sampuli tupu (maji yasiyotiwa chembe), chembe za rejea, sampuli tupu, sampuli zako, kisha chembe za rejea tena baada ya kila sampuli kumi na mwishoni. Baada ya kila sampuli suuza hadi vilele virudi kwenye kiwango cha sampuli tupu. Chembe hung'ang'ania mirija, na sampuli inayofuata huzilipia. Ikiwa chembe za rejea zimehama kwa zaidi ya 10% tangu asubuhi, kwa ukubwa wa ishara au kwa idadi, pima ufanisi upya na urudie sampuli zilizo katikati.

Hatua ya 8: Weka kizingiti kati ya chembe na kelele

Programu nyingi huanza na wastani wa usuli pamoja na mikengeuko sanifu mitatu. Kwa usomaji wa milisekunde ilitosha kiasi. Kwa usomaji wa mikrosekunde 100 una namba 600,000 katika sekunde 60, na hata kama kelele ingefuata mgawanyo wa kawaida, mikengeuko mitatu ingekuachia takriban vilele 810 visivyo na chembe yoyote nyuma yake. Karibu sawa na sampuli nzima! Mikengeuko mitano inashusha idadi hiyo hadi chini ya kimoja. Lakini usuli wa hesabu chache hufuata mgawanyo wa Poisson, wenye mkia mrefu zaidi upande wa juu, kwa hiyo tumia kizingiti cha Poisson kama programu yako inacho. Isipokuwa nacho, pandisha kizingiti mpaka sampuli tupu itoe vilele vichache tu kwa dakika, na utumie kizingiti hicho hicho kwa sampuli.

Kizingiti kinakuambia pia chembe ndogo kabisa unayoweza kuiona. Kikiwa hesabu 8 kwa eneo la kilele, kwa fedha hiyo ni femtogramu 0.08, sawa na kipenyo cha nm 24. Chembe za nm 15 zinaweza kuwamo kwa maelfu na usizione. Zitaonekana kama ioni. Namba hii lazima iwe kwenye ripoti.

Hatua ya 9: Kokotoa

Sampuli ya fedha iliyozimuliwa mara 10,000 imetoa vilele 840 kwa dakika moja, na sampuli tupu 12. Zinabaki 828. Gawanya kwa mililita 0.015 zilizofika: chembe 55,200 kwa mililita. Zidisha kwa 10,000: takriban chembe milioni 550 kwa mililita ya sampuli ya mwanzo.

Kilele kimoja kina eneo la hesabu 70 katika usomaji mitano, na usuli ni 0.2 kwa kila usomaji. Ondoa usuli mara tano, si mara moja, inabaki 69. Hiyo ni femtogramu 0.69. Kwa densiti ya fedha ya gramu 10.49 kwa sentimita ya ujazo, kipenyo ni nm 50. Kokotoa kipenyo cha kila chembe kwanza, ndipo utafute wastani. Ukianza na masi ya wastani kisha utoe kipenyo, chembe kubwa chache zitavuta jibu juu.

Kwa oksaidi kumbuka kwamba mashine inaona metali pekee. Titani ni 60% ya masi ya dayoksaidi ya titani; gawanya masi ya titani kwa 0.60 kabla ya kutafuta kipenyo, na utumie densiti ya oksaidi yenyewe.

Ioni sasa. Usuli wa sampuli ni 0.2, wa sampuli tupu 0.05, tofauti ya 0.15 ukigawanya kwa 2.5 ni nanogramu 0.06 kwa mililita. Chembe 55,200 zenye wastani wa femtogramu 0.69 zinabeba nanogramu 0.038 kwa mililita. Jumla 0.098, na kwa sampuli ya mwanzo hiyo ni miligramu 0.98 kwa lita. Usidai kwamba ioni zote hizo zilikuwamo tangu mwanzo, kwa kuwa baadhi huenda ziliyeyuka baada ya kuzimua. Ukitaka ioni za sampuli asilia, ichuje kwa chujio laini sana la kilodaltoni 3 au 10 bila kuizimua na upime kilichopita.

Hatua ya 10: Jikague kwa njia zisizotegemeana

Yeyusha sehemu ya sampuli ile ile na upime metali yote: fedha kwa asidi ya nitriki, dhahabu kwa mchanganyiko wa haidrokloriki tatu kwa nitriki moja. Hapa ndipo asidi ina nafasi yake. Kama jumla ni miligramu 1.02 kwa lita, umerudisha 96% ya metali, na unaweza kusimama mbele ya mteja. Ukirudisha 60%, kuna chembe zilizobaki kwenye chupa, au kubwa mno zisizopulizwa, au ufanisi wako si sahihi.

Kisha zimua sampuli mara mbili zaidi. Idadi lazima ishuke nusu na ukubwa ubaki palepale. Ukubwa ukishuka kidogo pia, mwanzoni chembe zilikuwa zinafika mbili mbili. Ukubwa ukiendelea kushuka kadiri dakika zinavyopita kwenye chupa ile ile, chembe zinayeyuka. Idadi ikishuka zaidi ya nusu bila ukubwa kubadilika, kuta za chupa zinazila.

Tafuta pia jicho la pili. ICP-MS inadhani kila chembe ni duara na ni metali tupu. Chembe mbili za nm 50 zilizoshikana zitaandikwa kama moja ya nm 63, na fimbo itaandikwa kama duara. Hadubini ya elektroni inayaona haya, mradi upime chembe mia kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za gridi na si zile nzuri tu. Njia ya kutawanya mwanga ni ya haraka, lakini soma jibu lake kwa tahadhari. Mwanga unaotawanywa na chembe ndogo hukua kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha sita, kwa hiyo chembe moja ya nm 100 inang'aa sawa na milioni moja za nm 10. Vumbi kidogo tu linafunika sampuli nzima. Tena kipenyo kinachopimwa hapo ni pamoja na ganda la molekuli na maji linalosafiri na chembe, hivyo kikitoka kikubwa kuliko cha hadubini si lazima kuwe na kosa.

Ripoti

Jumlisha vyanzo vya shaka kwa kanuni ya mraba: kuhesabu 3.5%, ufanisi 5%, mtiririko 2%, kuzimua 1%. Inatoka 6.5%, ukizidisha kwa mbili (k = 2) ni 13%. Angalia jinsi ufanisi unavyotawala: hata ukisoma kwa saa nzima ili kufuta kosa la kuhesabu, jumla haishuki chini ya 5.5%. Kwa hiyo muda wako wa ziada uutumie kwenye hatua ya 5. Rudia pia kuanzia kuzimua, angalau mara tatu kwa chupa tofauti. Kusoma chupa moja mara tatu hakukuambii lolote juu ya kuzimua.

Andika: fedha, isotopu 107, chembe milioni 550 kwa mililita, jumlisha au toa milioni 70, k = 2; kipenyo cha wastani nm 50 kwa kudhani duara la fedha tupu; chembe chini ya nm 24 hazikuhesabiwa; muda wa kusoma mikrosekunde 100; ufanisi 5.0% kwa njia ya ukubwa, nyenzo rejea na kipenyo chake kilichotumika. Kanuni ya kizingiti. Vilele vya sampuli tupu. Metali iliyorudishwa 96%. Na muda uliopita kati ya kuzimua na kusoma.